Kikosi cha Onyo Kilipofika kwa Shangazi

Sina subira na watu wa kusoma ishara. Nimeishi nao, nimekula nao viazi baridi vya Sabato, na mpaka leo nikimwona mtu ameinua kidole na kusema, "Hili ni onyo la Mungu," mimi huitazama mikono yake. Huwa nataka kujua kama imewahi kumtua mtu mzigo. Mara nyingi ni laini.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, vita vya Wazungu vimekwisha miaka michache tu kabla, nilipoingizwa katika kundi lililojiita Kikosi cha Onyo. Tulikuwa tisa, wanaume watano na wanawake wanne, wote wa kanisa dogo la udongo kwenye mlima kati ya Ogembo na Tabaka. Sisi ndio tulioshika Jumamosi. Kila Sabato baada ya ibada tulishuka vijijini kuwaonyesha wasioamini ishara ambazo Mungu alikuwa akiwapelekea nao hawazitambui. Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa, na tuliifanya kwa kiburi ambacho hata sasa kikinijia akilini natamani kujipiga kofi.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa kanisa aliyekuwa mpishi wa maofisa huko Burma. Alirudi na koti la kaki na kipenga, na sikumwona tena bila vitu hivyo viwili, hata kwenye maziko. Yeye ndiye aliyekuwa na kipaji cha ishara. Mvua ya mawe ikipiga shamba la wimbi la mlevi, ilikuwa onyo. Ikipiga la mzee mwenyewe, ilikuwa jaribu. Radi ilipoua ng'ombe wa jirani aliyesali Jumapili, tulipelekwa pale siku hiyo hiyo kumwimbia asikie Mungu anasema nini. Radi ilipoua fahali wa mzee, tulifunga kutwa nzima kumwombea, kwa kuwa Shetani alikuwa amemwonea wivu. Na mimi niliitikia Amina mara zote mbili, kwa sauti ile ile, bila hata kutabasamu.

Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimefika darasa la nne. Nilibeba kitambaa cha picha za unabii, kirefu kama mtu, kilichoviringishwa kwenye mwanzi, pamoja na fimbo ya kuonyeshea. Kilikuwa na wanyama wanne: simba mwenye mabawa, dubu mwenye mbavu mdomoni, chui mwenye vichwa vinne, na wa nne ambaye naona mchoraji alichoka akamwongezea pembe tu. Hakuna aliyewahi kuona dubu katika nchi yetu. Mzee alieleza kwamba ni fisi aliyenenepa. Basi watoto walikimbilia kumwona fisi aliyenenepa, na watu wazima walitoka kwa sababu ya kipenga, wakidhani ni askari wa kodi. Wakishagundua ni sisi walirudi kwenye palizi yao, na mzee alitikisa kichwa kwa huzuni akisema mioyo yao ni migumu.

Kazi yangu ya pili ndiyo inayoniuma. Mzee alizaliwa bonde moja na sisi, akanyonya Ekegusii kama sisi sote, lakini alipohubiri hakukubali kutumia lugha ya mama yake. Alihubiri kwa Kiswahili cha jeshi. Aliona kwamba onyo likitolewa kwa lugha ya nyumbani linakosa uzito. Wanawake wa vijijini hawakujua Kiswahili, kwa hiyo mimi nilisimama kando yake nikiwafasiria. Mtu anawahubiria jirani zake kwa mkalimani, katika uwanja alikochezea utotoni, na sisi wengine wote tuliona ni sawa.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa upande wa Tabaka. Mumewe alikufa mapema, akamwachia nyumba ya msonge kwenye mteremko, chini kidogo ya mahali wachimbaji walipokuwa wakitoa mawe laini ya kuchongea vibakuli. Alimtunza mama mkwe wake, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imemfia na hakuweza kutoka kitandani. Aliishi kwa wimbi na kwa kupika pombe, na pombe yake ilisifiwa mpaka Nyacheki. Kanisani kwetu jina lake lilitajwa kwa kunong'onezwa.

Mimi ndiye niliyependekeza tumwendee. Sikufanya hivyo kwa kumpenda, ingawa nilimpenda. Katika Kikosi, aliyemleta mpika pombe kwenye toba alikalishwa benchi la mbele na kuombewa kwa jina, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa nyuma na kitambaa changu.

Tulifika kwake saa nane mchana. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwani kama yafanyavyo kila siku msimu ule, na kila mmoja wetu alijua mvua ingeshuka kabla ya jioni. Mzee alipuliza kipenga. Shangazi alitoka akipangusa mikono, akatutazama, akaniona mimi. Alifurahi kuniona, na furaha hiyo nayo imebaki kunisumbua.

Mzee hakumsalimia. Alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba kutafuta mahali pa kutundikia kitambaa, na huko aliona ufa. Ulianzia kwenye ukingo wa machimbo, ukapita kati ya migomba ambayo tayari ilikuwa imeinama upande mmoja, ukaishia hatua chache kutoka ukutani. Ulikuwa na upana wa kiganja. Nilimwona mzee akiutazama, na sisemi uongo, uso wake uling'aa. Kwa miaka miwili alikuwa akihangaika na radi na mvua ya mawe, na sasa alikuwa amepewa ishara ya kweli, inayoweza kuguswa kwa mkono.

Akaniamuru nitundike kitambaa kwenye ghala la wimbi. Tukaimba beti nne zote. Kisha akajiweka mbele ya shangazi, akanyoosha kidole kuelekea mlimani.

"Wewe mama, sikia!" akapaza sauti. "Hapa iko onyo ya Mungu! Kilima nakuja! Pombe yako nafika mbinguni, Mungu nasikia harufu! Wewe nangoja nini?"

Nikafasiri. Niliondoa habari ya harufu kwa aibu, lakini mengine yote niliyasema, hata kile kidole nilikinyoosha.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja kifuani.

"Mwambie naona," alisema. "Nina macho. Tangu Alhamisi mlango wangu haufungiki."

Akatupeleka tuuone. Ulikuwa mlango wa mbao, kazi ya mumewe, nao ulikuwa umekwama katikati kwa sababu mwimo wa kushoto ulikuwa umelala. Alituambia kwamba mchimbaji mmoja wa mawe, mteja wake wa pombe, alipita Alhamisi, akausukuma mlango kwa bega, akatazama ufa na kusema, "Mama, hama. Mlango ukikataa hivi, ardhi imeshaondoka chini yake." Alisema wenzake wangemaliza kupeleka mawe sokoni Jumamosi, kisha wangekuja na miti miwili na ngozi wambebe bibi, yule mama mkwe.

"Lakini wamechelewa," shangazi alisema, akitazama mawingu. "Nami siwezi peke yangu. Nilikuwa nimekaa hapa nimekata tamaa. Sasa mmekuja ninyi, tena tisa." Alinishika mkono. "Mwambie mzee wenu sibishani naye. Nimekubali onyo lake lote. Wanaume wambebe mama mkwe na kitanda chake mpaka kwa shemeji yangu ng'ambo ya kijito. Sisi wanawake tubebe wimbi. Tutamaliza kabla mvua haijashuka."

Sijawahi kuona mahubiri yakifaulu namna ile. Mwanamke amesikia, ameamini, ametubu, anaomba tu watu wa kubeba kitanda. Mhubiri yeyote mwenye akili angevua koti.

Mzee aliielewa kila silaba aliyoisema shangazi, kwa kuwa ilikuwa lugha yake. Hata hivyo alinisubiri nimfasirie. Kisha akautazama mlango, akatutazama sisi, na nikaona ameanza kuhesabu vidole vya mkono wake kama mtu anayetafuta sheria aliyoisahau.

"Leo hapana kazi," akasema. "Leo Sabato. Kuombea mgonjwa, sawa. Kitanda ni mzigo. Wimbi ni mzigo. Sisi takuja kesho asubuhi, watu yote, na jembe mkononi."

Wanaume wanne walikuwa nyuma yake, wenye mabega ya kulimia, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mmoja wao aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Nawadharau mpaka leo, wote wanne, na wawili kati yao wamekufa.

Lakini mimi najidharau zaidi, kwa kuwa mimi nilijua. Nilikuwa nimesoma habari ya kondoo aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato na mwenye kondoo akamtoa. Nilikuwa nimesoma pia habari ya kiwete aliyeambiwa siku hiyo hiyo ajitwike godoro lake aende. Niliwahi kuisoma mbele ya kanisa, nikasifiwa kwa kutamka vizuri. Kisa kizima cha kitanda na Sabato nilikuwa nacho kichwani, neno kwa neno, na nilisimama mbele ya kitanda chenyewe.

Nilifikiria benchi la mbele. Nilifikiria jinsi mzee angenigeukia na kuniuliza tangu lini msichana akamfundisha mzee wa kanisa. Basi nikamgeukia shangazi, na ili nisilazimike kueleza mengi nikafupisha.

"Mungu amekataa," nilimwambia. "Si leo."

Alinikazia macho. "Mungu ndiye aliyesema hivyo? Hata huyu mama asibebwe?"

"Ndiye," nikasema.

Akauachia mkono wangu. Mzee akapuliza kipenga, tukaimba wimbo wa kuagana, akaomba dua ndefu ya kumkabidhi mjane kwa Bwana, akimweleza Bwana kinaganaga kuhusu ufa kana kwamba yeye ndiye aliyeuvumbua. Kutoka ndani tulimsikia bibi akiuliza kama wageni wamekuja kumchukua. Nikaviringisha kitambaa na tukaondoka kwa mstari mmoja, mikono mitupu.

Mvua ilitukuta kwenye saa kumi, tukajibanza katika nyumba ya muumini mmoja upande wa pili wa bonde. Hatukuwa tumekaa muda mrefu tuliposikia sauti. Ilianza chini ikapanda kupitia nyayo, na chungu kilichokuwa juu ya kingine kikatetemeka. Mzee alisema ni radi, akaanzisha wimbo mwingine. Radi haitikisi sakafu kwa muda mrefu vile, na kila aliyezaliwa kwenye milima yetu anajua. Tuliimba wote.

Yaliyotokea kwa shangazi nilielezwa baadaye na yule mchimbaji. Tulipoondoka, shangazi alimfunga mama mkwe mgongoni kwa kanga mbili, kama mtoto, akapanda naye mpaka kwenye kibanda cha majani ambacho wachimbaji walijikinga na jua, pembeni kabisa ya mteremko. Akamlaza pale. Akarudi kuchukua wimbi, akapeleka kikapu cha kwanza, cha pili, na cha tatu mvua ikiwa imeanza. Alikuwa ghalani akijaza cha nne mlima uliposhuka. Nyumba ilifunikwa yote. Yeye alibaki amezikwa mpaka kiunoni, nguzo ya ghala juu ya mguu wake.

Wachimbaji wanne walikuja katika mvua ile ile iliyotuzuia sisi, na miti yao miwili na ngozi yao, kama mmoja wao alivyosema Alhamisi. Nusu yao walikuwa wamelewa. Walimkuta bibi akipiga kelele kibandani, paa linavuja, amelowa mpaka mifupa. Wakamfukua shangazi kwa mikono na kwa vibao, kwa kuwa jembe lingemkata. Hawakuomba, hawakuimba, hawakumwambia kwamba aliyataka mwenyewe. Waliwabeba wote wawili mpaka kwa shemeji yake.

Bibi alikufa Jumatano. Baridi ilikuwa imemwingia kifuani.

Na sisi, watu wa kutimiza ahadi, tulifika Jumapili alfajiri kama tulivyosema, tisa, na majembe tisa. Mzee alisimama mbele ya tope mahali nyumba ilipokuwa, na majani ya migomba yakichungulia hapa na pale. Njiani tulikuwa tumeambiwa kwamba wote wawili wametolewa hai. Nilidhani atalia. Alipiga magoti kwenye umande, akashukuru.

"Mnaona?" alisema alipoinuka, na safari hii alisema kwa Ekegusii, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuhubiriwa. "Tuliwaonya saa ya mwisho, wakatoka. Tusingekuja jana, wangekufa wote."

Huo ndio ukawa ushuhuda wake. Aliutoa kwetu, akautoa Ogembo, akaalikwa kuutoa mpaka upande wa Nyamira. Katika ushuhuda ule hapakuwa na wachimbaji, wala hapakuwa na mjane aliyeomba kubebewa kitanda. Palikuwa na kipenga, palikuwa na ufa, palikuwa na mwanamke mlevi aliyetii. Bibi aliondolewa kabisa kwa sababu kufa kwake kulileta ugumu. Watu walilia. Baadhi walibatizwa. Mimi nilisimama kando yake na kitambaa Sabato mbili, na ile ya pili nilikalishwa benchi la mbele. Lilikuwa benchi tu, gumu kama mengine.

Miezi miwili baada ya mlima kuanguka nilikwenda kumwona shangazi kwa shemeji yake. Nilikuwa nimejikaza muda wote huo nisiende. Nilibeba mkungu wa ndizi, kwa kuwa mtu mwenye hatia hapendi kwenda mikono mitupu. Nilimkuta uani, amekaa kwenye ngozi, mguu umeunganika vibaya umenyooka mbele yake, anapukuchua maharagwe. Alinikaribisha kama inavyompasa shangazi, akaniulizia wazazi wangu, akaniambia niweke ndizi kivulini. Kisha akaniuliza.

"Kile kitabu chenu, wewe umekisoma chote?"

"Sehemu kubwa, shangazi."

"Basi niambie. Ni kweli kinakataza kumbeba mgonjwa siku ile?"

Ningeweza kumdanganya tena. Mzee angenisaidia, angenipa aya tatu. Lakini mguu ule ulikuwa kati yetu.

"Hakikatazi," nikasema. "Kinasema hata kondoo akianguka shimoni atolewe."

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakupaza sauti. Alitumbukiza maharagwe aliyokuwa nayo mkononi ndani ya ungo, taratibu, mpaka mkono ukabaki mtupu.

"Miezi miwili hii nimemtukana Mungu," alisema. "Kila mguu ukiniamsha namuuliza, wewe ni wa namna gani, unatuma watu waje kuniambia nakufa, kisha unawafunga mikono? Mama mkwe naye aliniuliza hivyo hivyo, siku zile nne, mpaka pumzi ikamwisha. Alikufa akijua Mungu ndiye aliyekataa asibebwe."

Akanitazama usoni, kama alivyonitazama siku ile mlangoni.

"Kumbe tulimsingizia," alisema. "Hakukataa. Ni wewe."